Sheria ya Kujilinda Iandikwe kwa Maneno Yetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya kamati za haki na amani za makanisa na wapenda mageuzi waliokusanyika kujadili ombi la wananchi kwa Bunge kuhusu haki ya kujilinda na silaha za polisi wa akiba. Tunaichapisha kwa ajili ya wale waliosimama nje ya madirisha na hawakusikia vyema.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wapenda mageuzi, na ninyi watumishi wa Mungu mliotufungulia ukumbi huu,

Tunajua kwamba wengi wenu mlishtuka mlipoona tangazo linalosema kuwa leo tungezungumzia bunduki ndani ya jengo la kanisa. Mchungaji mmoja alitupigia simu kutuuliza iwapo tumeiacha kazi ya Katiba tukageuka kuwa wachuuzi wa silaha. Tulimjibu kwamba kazi ni ile ile. Ni nani atakayelinda uhai wa mnyonge usiku wa manane, kwa idhini ya nani, na atajibu mbele ya nani akikosea? Hayo ni maswali ya Katiba kabla hayajawa maswali ya bunduki. Mchungaji yule yuko nasi leo, ameketi safu ya tatu, na tunamshukuru kwa kuja kutusikiliza kabla ya kutuhukumu.

Tuanze na historia, maana nchi hii haikuanza jana kugawa silaha kwa upendeleo. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Sheria ya Silaha tuliyo nayo hadi leo, Sura ya 114, ilianza kutumika mwaka 1954, katikati ya moshi wa vita vile. Katika miaka hiyo Mwafrika aliyekutwa na bunduki bila kibali, au hata risasi tu mfukoni, angeweza kunyongwa. Dedan Kimathi, ambaye sanamu yake imesimama jijini Nairobi, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na shtaka lililompeleka kwenye kamba lilikuwa la kupatikana na bastola. Papo hapo, katika vijiji vile vile vya Nyeri na Murang'a, walinzi wa nyumbani waliokuwa upande wa serikali walikabidhiwa bunduki, na mlowezi alilala na yake chini ya mto. Mkoloni hakuwa adui wa bunduki. Alichukia bunduki iliyokuwa mikononi mwa mtu asiyemtii.

Twambieni, ndugu zetu, desturi hiyo ilikoma lini?

Sisi tuliokuwa katika harakati za kudai vyama vingi tunakumbuka tarehe 29 Oktoba 1991, siku fujo zilipozuka katika shamba la Miteitei, Tinderet. Mwezi wa Desemba mwaka huo kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba na vyama vingi vikaruhusiwa, lakini nyumba zilikuwa zimekwisha kuanza kuteketea katika Bonde la Ufa. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilichapisha mwaka 1992 ripoti yake juu ya mshale uliolaaniwa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilichunguza mwaka huo huo, na Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza tena kuanzia mwaka 1998. Walichokisema wahasiriwa mbele ya wachunguzi hao kilikuwa karibu neno moja. Walikimbilia kwa wenye bunduki za serikali, na wenye bunduki za serikali walikuwa wamekunja mikono, au wamechelewa, au hawakuja kabisa. Tarehe 13 Agosti 1997 huko Likoni wavamizi waliingia katika kituo cha polisi chenyewe, wakaua maafisa, wakachukua silaha. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na katika hivyo vifo 405 vilitokana na risasi. Mnajua wenyewe ni nani waliokuwa na bunduki nyingi katika miji ile. Waliotuambia tungoje kulindwa ndio waliotufyatulia.

Hatuyasemi haya ili kila mtu aondoke hapa akitafuta bastola. Tunayasema ili asisimame mtu kutuambia kwamba suala hili ni la wahuni na wezi wa mifugo tu.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Atakayeifungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, asome kifungu cha 17. Hatapata hapo maelezo ya lini Mkenya anaruhusiwa kutumia nguvu kujilinda, wala kiasi gani cha nguvu. Atapata sentensi fupi inayosema kwamba jambo hilo litaamuliwa kwa kufuata kanuni za sheria ya Kiingereza, zile zilizojengwa na majaji wa kule kesi baada ya kesi. Miaka zaidi ya sitini baada ya bendera ya mkoloni kushushwa, mama wa Tot akivunjiwa mlango usiku, mpaka wa haki yake ya kuishi umehifadhiwa katika maktaba za mawakili. Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe hawakuridhika na hali hiyo. Mwaka 2008 Bunge lao liliziandika kanuni hizo ndani ya sheria, na mwaka 2013 likaongeza maneno kuhusu mtu anayevamiwa nyumbani mwake. Wao wamejiandikia, sisi bado tunaelekezwa kwao.

Wala hatusemi kwamba kanuni zenyewe ni mbaya. Katika kesi ya Palmer iliyotoka Jamaika na kuamuliwa London mwaka 1971, majaji walikubali kwamba mtu aliyevamiwa hawezi kupima nguvu anazotumia kama sonara apimavyo dhahabu. Ni kanuni pia kwamba mshtakiwa akieleza kuwa alijilinda, si kazi yake kuthibitisha. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha kwamba hakuwa akijilinda. Mtu akitumia nguvu kupita kiasi, mahakama zetu zimewahi kulishusha kosa kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Haya ni mambo ya haki na ya utu. Lakini ni nani aliyeyatangaza katika baraza la chifu? Ni askari gani wa zamu aliyafundishwa hata ayakumbuke saa tisa usiku, maiti ikiwa imelala mlangoni na mwenye nyumba anatetemeka?

Tunamfahamu baba mmoja, jina lake tunalihifadhi. Watu watatu walimvunjia mlango usiku, wakamkata mkewe mkono, naye akachukua panga la kufyekea akampiga mmoja wao, akafa. Asubuhi alikwenda mwenyewe kituoni kueleza, panga likiwa limefungwa kwenye gunia. Alikaa mahabusu muda mrefu kuliko mimba mbili. Mara faili halionekani, mara shahidi hajaitwa, mara hakimu amehamishwa. Mwishowe aliachiliwa, na waliomwachilia walisema alikuwa amejilinda, jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelisema tangu siku ya kwanza. Alirudi nyumbani akakuta zizi tupu. Si wezi waliowachukua mbuzi. Waliuzwa mmoja mmoja kulipa wakili na nauli za kumtembelea. Tulipomuuliza kama angefanya vile tena, alinyamaza, kisha akasema kwamba safari ijayo hataripoti. Hilo ndilo lililotutia hofu. Sheria isiyoeleweka humfanya mwema atende kama mwovu, azike usiku na kunyamaza.

Na tusichanganye mambo. Wapo watakaosema kwamba wananchi wetu wana kiu ya kuua, wakatutajia vijana wanaovishwa matairi na kuchomwa moto katika vituo vya magari kwa kelele ya "mwizi!" Tunalikubali tendo hilo kuwa aibu yetu, na tunasema katika kanisa hili kwamba ni mauaji. Aliyekwisha kukamatwa, aliyelala chini, aliyefungwa mikono, hamtishi mtu tena. Anayempiga hajilindi. Ndiyo sababu tunataka maneno yaandikwe: ili yule baba wa panga na umati ule wa mafuta ya taa wasiwekwe katika kapu moja na askari asiyejua tofauti.

Watumishi wa Mungu mliomo humu mtatusaidia kukumbusha kwamba Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaitenga hali ya mwizi anayevunja usiku na ya yule anayekutwa jua limekwisha kuchomoza. Wa kwanza akipigwa akafa, mpigaji hana hatia ya damu. Wa pili, anayo. Wanasheria wanahitaji kurasa mia kueleza jambo hilo. Usiku humwoni, hujui kashika nini, huna wa kumwita. Mchana una macho, una majirani, una njia nyingine. Tunajua pia aliyoyasema Bwana wetu kwa Petro pale bustanini juu ya kuurudisha upanga alani, na miongoni mwetu wamo ndugu wanaoamini kwamba Mkristo asiinue mkono hata akiuawa. Tunawaheshimu, na sheria tunayoiomba haimlazimishi yeyote kujilinda. Lakini mtu anaweza kugeuza shavu lake mwenyewe. Shavu la mtoto wake si lake kuligeuza.

Tufike sasa kaskazini, ambako kwa kweli ndiko jambo hili linakouma zaidi, na mtuwie radhi tukikaa huko kidogo.

Polisi wa akiba walianzishwa mwaka 1948. Baada ya uhuru waliendelea, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ikawapa jina jipya, lakini kazi ni ile ile: mchungaji wa mifugo au mkulima wa kijijini anapewa bunduki ya serikali na risasi za kuhesabu, alinde kijiji, aende na polisi kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa. Kwa miaka mingi walifanya hivyo bila mshahara, kama kujitolea. Mtu anajitolea kufa, na akifa mjane wake anaambiwa kwamba hakuwa mwajiriwa. Mwingine, kwa kuwa hana mshahara na ana bunduki, anageuka kuwa mlinzi wa tajiri, au mbaya zaidi, anaikodisha usiku kwa wezi. Wanaoshangaa hilo hawajawahi kulala njaa wakiwa na kitu cha thamani mkononi.

Mwaka 2019 serikali iliagiza bunduki za polisi wa akiba zirudishwe ili wahakikiwe upya. Sababu zilitolewa, na baadhi zilikuwa za kweli. Bunduki kadhaa zilikuwa zimetumika kwa uhalifu. Lakini zilirudishwa na nani? Zilirudishwa na watiifu. Yule mwenye bunduki ya magendo iliyovuka mpaka kutoka Sudan Kusini au Somalia hakuwa na orodha ya kumwita. Vijiji vya Turkana, Baringo, Samburu na Pokot Magharibi vikabaki na wazee wenye fimbo mbele ya vijana wenye bunduki za AK-47. Baadaye serikali hiyo hiyo iligeuka ikaanza kuwaandikisha polisi wa akiba tena. Na mwezi wa Februari 2023 jeshi lilipelekwa pamoja na polisi katika kaunti sita za Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo-Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu, baada ya wenye silaha haramu kupewa siku tatu kuzisalimisha. Leo wape, kesho wanyang'anye, kesho kutwa wape tena: hivyo ndivyo nchi inavyoendeshwa pale ambapo silaha za wananchi zinategemea tamko la waziri badala ya sheria.

Msidhani kwamba tunaidharau kazi ya polisi. Mwezi wa Novemba 2012 katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, polisi zaidi ya arubaini waliuawa walipokwenda kurudisha mifugo iliyoibwa. Wengi walikuwa vijana waliotoka chuoni juzi, waliotumwa katika korongo wasilolijua. Kama vijana wenye sare na bunduki waliangamia hivyo, mnategemea nini kwa mama anayechota maji kwenye mto mkavu?

Tunajua pia kwamba njia ya kunyang'anya silaha bila kulinda waliopokonywa imejaa makaburi. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wa Degodia huko Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla kwa jina la kutafuta bunduki. Walishindishwa juani bila maji, wakapigwa, wakapigwa risasi. Na idadi ya waliokufa serikali na wananchi hawajakubaliana hadi leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika jambo hilo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Ng'ambo ya mpaka, Uganda ilianza kukusanya silaha za Wakaramoja mwishoni mwa mwaka 2001. Wanajeshi waliotakiwa kuwalinda waliosalimisha walipohamishiwa vita vya kaskazini mwaka 2002, majirani ambao hawakuwa wamepokonywa waliwavamia. Waliotii ndio waliolia.

Katika vikao vyetu vya kuandaa ombi hili tulibishana sana juu ya ng'ombe. Ndugu zetu wa mijini, na wachungaji wa makanisa kadhaa, walishikilia kwamba hakuna mali inayostahili damu ya mtu, na kwamba sheria isiruhusu kuua kwa ajili ya mnyama. Mzee mmoja kutoka Lokori aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi aliomba nafasi. Alisema: "Ninyi mkiibiwa mna benki. Mtoto wangu anakunywa ngamia yule. Mkimchukua ngamia mmemchukua mtoto, ila mmechagua afe polepole." Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutawadanganya kwamba tulilipata baadaye. Tulichokubaliana ni hiki: wavamizi wanaokuja mia moja na bunduki kuchukua mifugo ya kijiji si wezi wa mali tu, ni watu wanaotishia uhai, na anayewapinga palepale wanapovamia anajilinda. Lakini anayekwenda wiki ijayo kuchoma kijiji cha upande wa pili ili alipize, huyo hajilindi, hata kama aliibiwa kweli. Wamo miongoni mwetu ambao hawajatosheka na mstari huo. Nasi tunaona ni afadhali mstari unaobishaniwa bungeni kuliko kutokuwa na mstari.

Na je, bastola za mijini? Kuna ndugu walioleta hoja kwamba tudai kila raia mwema aruhusiwe kubeba bastola, kama ilivyo katika majimbo ya Marekani. Walitukumbusha Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, na kwamba miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni za bastola. Ni kweli, na tunawavulia kofia. Walitutajia pia Killeen huko Texas, ambapo tarehe 16 Oktoba 1991 mtu mmoja aliingia mkahawani akaua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Bastola yake alikuwa ameiacha garini kwa kuwa sheria ya jimbo haikumruhusu kuibeba, na wazazi wake wote wawili wakauawa. Mama huyo alizunguka akitoa ushahidi hadi jimbo likapitisha sheria ya kubeba bastola mwaka 1995, na yeye mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Na katika kanisa moja la White Settlement, jimbo hilo hilo, tarehe 29 Desemba 2019, mshiriki aliyekuwa katika ulinzi wa kujitolea alimpiga risasi muuaji katika sekunde sita, ingawa waumini wawili walikuwa wamekwisha kuuawa.

Tulizisikiliza hoja hizo kwa heshima, kisha tukatazama upande wa pili wa karatasi. Florida iliandika mwaka 2005 kwamba mtu halazimiki kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu za kuua. Tarehe 26 Februari 2012 kijana mweusi wa miaka 17, Trayvon Martin, asiye na silaha yoyote, aliuawa kwa risasi mjini Sanford na mtu wa ulinzi wa mtaa aliyemshuku. Aliyempiga aliachiliwa na mahakama mwaka 2013. Katika Georgia sheria ya mwaka 1863 iliyomruhusu raia kumkamata mwenzake ilifutwa mwaka 2021, baada ya Ahmaud Arbery kufukuzwa kwa magari na kuuawa alipokuwa akikimbia barabarani kwa mazoezi. Tafadhali mtuelewe. Hatusemi Wamarekani hawana haki ya sheria zao. Katiba yao ina maneno juu ya silaha tangu mwaka 1791, na yetu ya mwaka 2010 haina. Tunauliza tu: katika nchi hii, kwa jinsi tunavyotazamana wakati wa uchaguzi, ni jina la ukoo gani lingekuwa sababu ya kushukiwa?

Tena bastola ina bei. Anayeishi Mathare au Kibera hataimudu, wala hatapewa leseni. Tukidai bastola kwa wote, tutakuwa tumepigania bastola za Karen na Muthaiga. Kenya pia ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, inayokataza raia kumiliki bunduki za kivita. Kwa hiyo kuhusu leseni tunadai jambo dogo zaidi, nalo ni haki katika kuzitoa. Mwezi wa Desemba 2018 wenye leseni wote waliagizwa kuhakikiwa upya katika siku tisini, na nchi ikaona jinsi bastola zilivyokuwa zimegawiwa kama zawadi za siasa. Mfanyabiashara wa Garissa au mama mwenye duka Kisumu anayetishiwa maisha apate jibu kwa maandishi katika muda uliowekwa, na akinyimwa aambiwe sababu na mahali pa kukata rufaa. Bastola isiwe medali ya wafuasi.

Basi ombi letu kwa Bunge lina mambo matatu, ambayo wengi wenu mmeyaona katika rasimu. Kwanza, kifungu cha 17 kifutwe na badala yake yaandikwe, kwa Kiswahili na Kiingereza, maneno ya Kenya yanayoeleza lini mtu ajilinde, amlinde nani, kwa kiasi gani, na kwamba anayevamiwa nyumbani kwake usiku hatarajiwi kukimbia. Aliyejilinda akaripoti mwenyewe, faili lake lifike kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma katika siku zinazohesabika, si kwa misimu ya mvua. Pili, polisi wa akiba wawe na sura yao kamili katika sheria: wachaguliwe mbele ya baraza la kijiji, wanawake wakiwamo katika kuwachagua, wafunzwe, bunduki na risasi zao ziandikwe katika daftari linaloweza kukaguliwa na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, walipwe kwa sheria na si kwa ahadi za mkutano wa hadhara, na wakifa kazini familia zao zifidiwe. Silaha zao zisiondolewe upande mmoja wa mpaka wa jamii wakati upande wa pili umeachiwa zake. Tatu, ni hilo la leseni tulilokwisha kulieleza.

Kuna watakaotuuliza kama hatuogopi kuzaa majeshi ya wanasiasa. Tunaogopa sana. Tuliyaona makundi ya vijana wa vyama katika miaka ya tisini, na tunajua mwanasiasa akiona orodha ya vijana wenye bunduki moyo wake humdunda. Lakini Katiba yetu, ibara ya 239, inakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi nje ya sheria, na ibara ya 37 inampa kila mmoja haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Ndiyo maana tunataka daftari, ukaguzi na baraza. Bunduki iliyoandikwa ina mwenyewe wa kuulizwa. Hizi zilizopo sasa, zinazotolewa na kurudishwa gizani, ndizo jeshi la mwanasiasa. Katika rasimu tumeongeza kwamba polisi wa akiba yeyote atakayeonekana na silaha katika mkutano wa kampeni, hata kama amealikwa na mgombea wetu sisi, apoteze kibali chake siku hiyo hiyo. Neno hilo la mwisho lilipingwa na baadhi ya wenzetu. Lilibaki.

Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Halihitaji ruhusa ya chifu wala ya mkuu wa chama. Mbunge wenu atawaambia kwamba mambo ya usalama ni ya siri na hayajadiliwi na wananchi. Mwulizeni kama kifo cha mwanakijiji nacho ni cha siri.

Karatasi za sahihi ziko kwenye meza mbili karibu na mlango wa magharibi, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, zenye maneno yale yale. Andikeni jina, nambari ya kitambulisho na kata. Asiyejua kuandika atie kidole gumba. Kuna vijana wawili wa kwaya watakaomsomea rasimu yote kwanza, kwa hiyo asikubali kuharakishwa. Anayepinga mstari wa mifugo, au jambo jingine lolote, aandike pingamizi lake upande wa nyuma wa karatasi na lipelekwe Bungeni vilivyo. Makatibu wa parokia watachukua nakala hamsini hamsini kwa ajili ya ibada za Jumapili, na waliotoka mbali, hasa ninyi mliokuja na basi la usiku kutoka Kapenguria na Maralal, mtapewa zenu kwanza ili msikose gari la kurudia.